Upasuaji wa utumbo: Dawa ina saa yake

Ni desturi iliyozoeleka katika misikiti yetu. Swala ya Ijumaa imekwisha, sunna zimeswaliwa, na kabla watu hawajavaa viatu imamu anashika tena kipaza sauti na kuwaomba waumini watulie kidogo. Yuko ndugu yetu hospitalini, amepasuliwa tumbo, mshono umefanya usaha, na daktari ameandika sindano ambazo bei yake imewashinda jamaa zake. Kofia inapitishwa safu kwa safu, na upande wa kina mama mapindo ya khanga yanafunguliwa. Hakuna anayeuliza maswali, wala hapo si mahali pa kuuliza. Kumhurumia mgonjwa ni katika dini, na anayetoa anatoa kwa ajili ya Allah (SW).

Sisi tunaoandaa ukurasa huu wa familia tumeitia mikono yetu katika kofia hiyo mara nyingi. Safari moja tulifuatana na wajumbe waliopeleka mchango wodini. Mgonjwa alikuwa mzee mmoja, fundi seremala, ambaye utumbo wake mpana ulikuwa umejipinda. Madaktari waliunyoosha kwanza kwa mpira, bila kisu, kisha wakampangia siku ya kuja kukatwa kipande kile kilichokuwa kikijipinda. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya sita mshono ulianza kuvimba na kutoa usaha. Kando ya kitanda chake palikuwa na kikapu kilichojaa chupa za sindano, vidonge vya rangi mbili tatu, na dawa ya maji. Wanawe watatu, kila mmoja kwa hofu yake, walikuwa wamekwenda kila mmoja kwenye duka lake la dawa.

Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, aliupokea mchango wetu kwa shukrani, kisha akatuuliza jambo lililotunyamazisha sote. Katika dawa zote zile, ni ipi iliyokuwamo ndani ya damu ya mzee pale kisu kilipogusa ngozi yake? Vijana walitazamana. Kwa wanavyokumbuka, dawa ya kwanza waliinunua jioni, baba yao alipokwisha kurudishwa wodini.

Swali lile ndilo lililozaa makala haya. Tuliporudi tulisoma na kuwauliza wenye elimu ya jambo hili, na tulichokipata tunaona ni amana kukifikisha kwa wasomaji wetu. Antibayotiki inayomkinga mgonjwa wa upasuaji wa utumbo ni ile inayotangulia kisu. Dawa ile ile, ikichelewa kwa saa chache tu, huwa imepoteza sehemu kubwa ya kazi yake, hata tukiinunua kwa fedha nyingi kiasi gani.

Kwa nini utumbo una hatari ya pekee

Ngozi ya mwanadamu ni ukuta, na kila upasuaji ni mlango uliofunguliwa katika ukuta huo. Lakini anayepasuliwa utumbo mpana anafunguliwa milango miwili: wa ngozi, na wa utumbo wenyewe. Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria wasiohesabika. Katika gramu moja tu ya choo hukadiriwa kuwa na bakteria wapatao bilioni 100. Wakiwa mahali pao, viumbe hao ni neema. Wanatusaidia kusaga mabaki ya chakula ambayo tumbo limeyashindwa, na baadhi yao hututengenezea vitamini K. Wakivuka ukuta wa utumbo na kuingia katika nyama iliyokatwa au katika uwazi wa tumbo, wanageuka maadui.

Bakteria hao ni wa namna mbili kubwa. Wako wanaoweza kuishi penye hewa, na wako wengine, walio wengi zaidi, ambao hewa huwaua. Makazi yao ni kule ndani kusikofika hewa. Dawa inayowaua hawa mara nyingi haiwawezi wale. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa utumbo hupewa kinga inayogusa makundi yote mawili, kwa mfano sindano ya cefazolin pamoja na metronidazole. Hii ya pili wengi wetu tunaijua kwa jina la Flagyl, na wapo wanaoimeza kiholela kila tumbo linapowasokota. Peke yake haitoshi kumkinga anayekwenda kupasuliwa, kwa kuwa ni nusu tu ya kinga.

Waislamu si wageni katika elimu hii. Tabibu mkubwa wa Andalusia, Abul-Qasim az-Zahrawi, aliyeishi katika karne ya 10 na kufariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika kitabu chake mashuhuri, At-Tasrif, chenye sehemu 30, na sehemu ya mwisho akaifanya ya upasuaji. Humo alieleza namna ya kushona utumbo uliojeruhiwa kwa uzi uliotokana na matumbo ya wanyama, na akataja pia njia ya kutumia taya za siafu wakubwa kubana kingo za jeraha. Mkono wa fundi ulikuwapo, uzi ulikuwapo, na ujasiri ulikuwapo. Kilichokosekana, kwake na kwa waliomfuata kwa karne tisa nzima, ni kinga dhidi ya viumbe wasioonekana kwa macho. Kwa muda wote huo mtu aliweza kuishinda meza ya upasuaji na kushindwa na usaha wiki moja baadaye.

Saa moja kabla ya kisu

Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, na baada ya Vita Kuu ya Pili antibayotiki zikaenea duniani. Hata hivyo kuwa na dawa ni jambo moja, na kuijua saa yake ni jambo jingine. Kwa miaka mingi madaktari waliwapa wagonjwa dawa hizo baada ya upasuaji, wakaona hazizuii sana usaha, na wapo waliokata tamaa nazo.

Mwaka 1961 daktari wa Marekani, John Burke, alichapisha matokeo ya jaribio lililofungua macho. Alichukua wanyama wadogo wa maabara waitwao simbilisi, akawadunga bakteria chini ya ngozi, kisha akawapa antibayotiki kwa nyakati tofauti. Waliopewa dawa kabla ya bakteria kuingia walipona karibu bila dalili. Waliocheleweshewa kidogo walipata uvimbe mdogo. Waliopewa baada ya kupita saa tatu, uvimbe wao ulikuwa sawa na wa wanyama ambao hawakupewa dawa kabisa.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Kisu kinapokata nyama, mishipa midogo ya damu hukatika na kuziba, na damu huganda. Bakteria walioingia wakati ule hujichimbia katika nyama ambayo damu haiifikii sawasawa, na kisichofikiwa na damu hakifikiwi na dawa. Iwapo dawa ilikuwa imekwisha kuenea mwilini kabla, bakteria hukuta mlinzi yuko mlangoni. Iwapo dawa inakuja jioni, huwakuta wamekwisha kuwa wenyeji. Wahenga walikwisha kutuusia kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Wanadamu nao walionesha yale yale. Mwaka 1992 watafiti wa jiji la Salt Lake City, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 2,847 waliofanyiwa upasuaji wa aina mbalimbali uliopangwa. Waliopewa dawa ndani ya saa mbili kabla ya kisu, walioingia usaha walikuwa takriban 6 katika kila 1,000. Waliopewa mapema mno, zaidi ya saa mbili kabla, walikuwa 38 katika kila 1,000. Waliopewa baada ya saa tatu tangu kisu kupita walikuwa 33 katika kila 1,000. Kuwahi mno, kwa hiyo, nako kuna hasara kama kuchelewa, kwa sababu dawa huwa imekwisha kupungua katika damu.

Kuhusu utumbo hasa, ushahidi ni mwingi kuliko katika aina nyingi za upasuaji. Mwaka 1981 uchambuzi wa majaribio 26 ya miaka ya 1965 hadi 1980 ulionesha kwamba miongoni mwa wagonjwa wa utumbo mpana wasiopewa kinga walifariki zaidi ya 11 katika kila 100, na miongoni mwa waliopewa walifariki kati ya 4 na 5. Wachambuzi wakasema wazi kwamba haifai tena kumnyima mgonjwa dawa hiyo kwa ajili ya kufanya majaribio. Mwaka 2014 uchambuzi mpana zaidi, wa majaribio 260 yenye watu zaidi ya 43,000, ulikadiria kwamba kinga hiyo huteremsha usaha wa mshono kutoka wagonjwa 39 hadi 13 katika kila 100.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linasisitiza dawa itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu, na kwa dawa zinazoisha haraka mwilini, kama cefazolin, iwe karibu zaidi, ndani ya saa moja. Upasuaji ukirefuka hadi saa nne hivi, au mgonjwa akipoteza damu nyingi, dozi ya cefazolin hurudiwa pale pale mezani.

Jambo hili si la nchi tajiri peke yake. Shirika hilo lilipotunga karatasi ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, moja ya maswali yake likiwa iwapo dawa ya kinga imetolewa katika dakika 60 zilizopita, karatasi hiyo ilijaribiwa katika miji minane ya dunia, ikiwamo London, Amman na Ifakara, hapa Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Usaha wa mshono ulishuka kutoka wagonjwa 6.2 hadi 3.4 katika kila 100, na vifo vikashuka kutoka 1.5 hadi 0.8. Hapakuletwa mtambo wala dawa mpya. Yaliulizwa tu maswali machache, kwa sauti, kila mara, kabla ya kisu.

Dawa ya kusafisha tumbo haiendi peke yake

Mgonjwa anayepangiwa upasuaji wa utumbo mpana mara nyingi huambiwa anywe dawa ya kusafisha tumbo siku moja kabla. Wengi wetu tunaamini kwamba utumbo ukishakuwa mtupu umekuwa safi. Sivyo. Choo kimeondoka, lakini bakteria waliogandamana na ukuta wa utumbo wangali wapo.

Katika miaka ya 1970 madaktari Ronald Nichols na Robert Condon wa Marekani waliongeza katika kusafisha huko vidonge vya antibayotiki, neomycin na erythromycin, vinavyomezwa siku ya kuamkia upasuaji ili vifanye kazi humo humo ndani ya utumbo. Mwongozo wa mwaka 2016 unashauri kwamba anayesafishwa tumbo kwa ajili ya upasuaji wa utumbo mpana uliopangwa apewe na vidonge vya namna hiyo, na unakataza kutegemea kusafisha peke yake kama kinga ya usaha. Vidonge hivyo haviondoi haja ya sindano ya kabla ya kisu. Basi aliyeandikiwa dawa ya kusafisha tumbo ana haki ya kumuuliza daktari wake, kwa adabu, kama kuna na vidonge vya kwenda nayo.

Vidonge vya wasiwasi

Turejee kwenye kile kikapu kando ya kitanda. Kilijaa kwa mapenzi, nasi hatuwalaumu waliokijaza. Mtoto anayemuona baba yake amelala na mshono tumboni anataka kufanya jambo, na jambo lililo karibu ni duka la dawa. Lakini mapenzi yasiyo na elimu huweza kudhuru.

Ikiwa upasuaji ulipangwa, utumbo haukuwa umepasuka, na dawa ilitolewa kwa saa yake, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kuendelea na antibayotiki baada ya upasuaji kwa lengo la kinga hakumuongezei mgonjwa ulinzi. Kinachoongezeka ni gharama, kuharisha, hatari ya mzio na, lililo baya kuliko yote, usugu wa bakteria.

Majirani zetu wa Kenya walilifanyia kazi jambo hili katika Hospitali ya Thika. Kabla ya mwaka 2011 karibu kila aliyepasuliwa pale alipewa antibayotiki baada ya upasuaji, na ni wachache mno waliopewa kabla. Hospitali ikapitisha sera mpya: dozi moja kabla ya kisu, na kusimama hapo pale inapofaa. Habari za wagonjwa zaidi ya 3,000 zilikusanywa. Usaha wa mishono haukuongezeka kama walivyohofia baadhi ya watu. Hospitali iliokoa fedha, na wauguzi waliokoa saa nyingi walizokuwa wakizitumia kuchoma sindano zisizo na faida.

Usugu si tishio la kesho. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 12,539 waliofanyiwa upasuaji wa tumbo na utumbo katika nchi 66. Katika nchi zilizoendelea, usaha uliwapata 9 katika kila 100. Katika nchi za maendeleo duni uliwapata 23. Na miongoni mwa wagonjwa wa nchi hizo duni waliopata usaha na ukapimwa maabara, zaidi ya theluthi moja walikutwa na bakteria walio sugu kwa dawa ile ile waliyopewa kama kinga. Hesabu za kimataifa za mwaka 2019 zinakadiria kwamba vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dawa yake ikitumiwa ovyo na kwa dozi pungufu itawafundisha bakteria kuishinda. Kila kidonge tunachonunua bila cheti kwa ajili ya homa isiyojulikana kinamfikia, mwisho wa safari, mzee fulani aliye juu ya meza ya upasuaji.

Hapa hatuna budi kuweka tahadhari, ili asije msomaji akatufahamu vibaya na kumdhuru mgonjwa wake. Kinga si tiba. Aliyetobolewa utumbo na homa ya matumbo, aliyepasukiwa kidole tumbo, au ambaye ngiri ilibana utumbo hata ukafa, huyo uchafu umekwisha kumwagika tumboni kabla ya kisu. Kwake antibayotiki ni matibabu, nayo huendelea kwa siku kadhaa. Hata hapo, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwa wagonjwa 518 ulionesha kwamba chanzo cha uchafu kikishazibwa vizuri, siku nne hivi zilitosha sawa na siku nane. Lakini kupanga siku hizo ni kazi ya daktari aliyeliona tumbo hilo likiwa wazi. Makala haya hayafuti alichokiandika daktari. Yanachokataza ni sisi kuongeza juu yake, au kupunguza, kwa rai zetu.

Lililo mikononi mwa familia

Mambo yaliyobaki ni mepesi, na mengi hayana gharama.

La kwanza ni kusema kweli. Daktari aambiwe kama mgonjwa aliwahi kuvimba uso, kutoka vipele au kubanwa pumzi kwa dawa yoyote, hasa jamii ya penisilini. Aambiwe dawa zote alizozimeza wiki za karibuni, zikiwamo zile za dukani na za mitishamba. Mgonjwa wa kisukari asiifiche sukari yake, kwa kuwa sukari iliyopanda huzuia mshono kupona. Akikatazwa kula, asiibiwe uji na shangazi mwenye huruma; anayelazwa usingizi akiwa ameshiba anaweza kutapika na chakula kikaingia mapafuni.

La pili ni usafi. Mgonjwa aoge mwili mzima kwa sabuni kabla ya kwenda chumba cha upasuaji. Kwa Muislamu, ambaye tohara ni mlango wa ibada yake, hili lisiwe zito. Asinyolewe tumbo kwa wembe nyumbani. Wembe huacha mikwaruzo midogo ambayo bakteria huifanya makazi, na ndiyo maana mwongozo unataka nywele ziachwe, au zipunguzwe kwa mashine pale tu inapolazimu. Hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilipoyashika mambo kama haya kwa pamoja, yaani kuoga, kuacha wembe, kusafisha ngozi na mikono ipasavyo na kutoa dawa kwa saa yake, usaha wa mishono ulishuka kutoka 8 hadi chini ya 4 katika kila upasuaji 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018.

La tatu ni kuuliza. Siku ya upasuaji, kabla kitanda hakijasukumwa, mmoja wa jamaa amuulize muuguzi au mtaalamu wa usingizi: dawa ya kinga ipo, na atapewa saa ngapi? Kama haipo, huo ndio wakati wa kukimbia famasi, wala si jioni. Swali hili si utovu wa adabu. Limo katika karatasi yao wenyewe.

La nne ni kuuacha mshono. Mshono haupakwi mafuta, unga wa mizizi, asali ya kununua wala majivu, isipokuwa kwa agizo la wanaotibu. Bendeji ikae kavu siku mbili za mwanzo, na wanaokuja kumtazama mgonjwa wamuombee dua bila kuigusa. Na kwa kuwa dini yetu ni nyepesi, mgonjwa asije akailowesha bendeji kwa ajili ya udhu. Zipo ruhusa za kupangusa juu ya bendeji na za kutayamamu, nao masheikh wetu wapo wa kumuelekeza.

La tano ni kukesha macho. Usaha wa mshono huweza kutokea hadi siku 30 baada ya upasuaji, wakati mgonjwa yuko nyumbani. Wekundu unaotambaa, joto, uvimbe, maji yenye harufu, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yote yanataka arudishwe hospitali. Na tumbo likijaa na kuwa gumu, moyo ukienda mbio na homa ikapanda katika siku za mwanzo, asingojewe hata asubuhi, maana yawezekana maungio ya utumbo yanavuja ndani. Hilo haliponi kwa vidonge vya dukani.

Kofia ya Ijumaa

Tunarudi msikitini tulikoanzia. Mtume wetu (SAW) alipoulizwa na mtu aliyetaka kumuacha ngamia wake bila kumfunga kwa madai ya kumtegemea Allah, alimuelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Mafundisho hayo tunayasoma kwa watoto madrasa. Wagonjwa wetu, hata hivyo, tumekuwa tukiwafunga kamba baada ya ngamia kupotea.

Rai yetu kwa kamati za misikiti ni ndogo. Mfuko wa wagonjwa usingojee usaha. Familia yenye mtu aliyepangiwa upasuaji iambiwe ije kabla, na karatasi ya vifaa na dawa zinazotakiwa. Kiasi kidogo kinachotolewa siku ya kulazwa, ili dozi moja au mbili ziwepo mezani saa moja kabla ya kisu, huweza kuokoa mchango mkubwa wa wiki mbili baadaye, na huweza kuokoa zaidi ya fedha. Katika kila msikiti wa mjini hakosekani muuguzi, mfamasia au tabibu anayeswali pamoja nasi. Huyo awekwe katika kamati hiyo, aisome ile karatasi, na awaongoze wasiojua.

Yule fundi seremala alipona, alhamdulillah, lakini baada ya mshono wake kufunguliwa na kusafishwa kila siku kwa majuma mengi, huku karakana yake imefungwa na kijana wake mmoja ameacha kibarua ili amuuguze. Siku aliyorudi msikitini aliswali akiwa ameketi juu ya kiti, safu ya nyuma. Baada ya swala imamu alishika kipaza sauti. Alikuwapo ndugu mwingine, wa mtaa wa pili, anayetarajiwa kupasuliwa utumbo Jumatano iliyokuwa ikija. Kofia ilipomfikia mzee, alitia alichokuwa nacho, kisha akamuuliza kijana aliyeibeba kama dawa ya kabla ya kisu imekwisha kununuliwa.

Tunamuomba Allah (SW) awape shifaa wagonjwa wetu wote, na atupe elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.